Swali la Saa Nane Usiku

Hosteli ya Wagonjwa, Chumba Namba Tisa
Jumapili, 6 Aprili

Kwa kikao cha ukoo. Kitinda asome kwa sauti.

Shangazi yetu, uliyebaki peke yako katika safu ya wazee, na ambaye kabla hujaketi hakuna anayeketi. Mjomba, mwenye kiti cha pili na kicheko cha kwanza. Fundi, mdogo wangu, mrithi wa karakana ya magodoro ya Baba. Kitinda, kitinda mimba wetu na msomaji wangu. Nyinyi mlioingia kwetu kwa ndoa mkayavumilia maneno yetu mengi. Na nyinyi wajukuu mliokaa karibu na mlango ili mtoroke mapema: nawasalimu, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nimezoea kusimama mbele yenu. Kwa miaka thelathini na moja nilisimama mbele ya gwaride la shule bila kipaza sauti, na walionijua wanasema nilikuwa nikikohoa tu, darasa la mwisho linanyamaza. Leo nakuja kwa karatasi. Baba aliagiza kwamba neno la kikao liandikwe kwa wino na litiwe sahihi, kwa kuwa alichoshwa na ugomvi wa "mimi sikusema hivyo." Nikiwa kijana niliona ni amri ya mtu mgumu. Sasa ndiyo iliyoniachia nafasi ya kusema.

Taarifa yangu ni hii. Saratani iliyokutwa kooni mwangu inatibiwa kwa mionzi, mara thelathini na tano, siku tano kwa wiki. Nimekwisha kupata kumi. Kila asubuhi nalazwa juu ya meza nyembamba, navishwa kinyago cha wavu kilichofinyangwa kwa sura yangu mwenyewe, na kinyago hicho kinabanwa mezani ili nisitikisike. Kisha wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, nabaki na mashine. Hakuna maumivu wakati ule. Maumivu huja baadaye, kama kumeza mchanga. Siku ya tisa sauti ilikatika. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi kama ilivyokuwa.

Nashukuru kwa godoro. Fundi, limefika salama juu ya basi la mizigo, na mhudumu wa hosteli alilibeba kichwani akisema hajawahi kuona mgonjwa anayehama na kitanda chake. Nimelitandika. Usingizi bado haujaja, ila hilo si kosa la godoro.

Sileti ombi lolote. Mtu asifunge safari kuja kunilinda. Nilikwisha kuwaambia siku ya kuondoka, narudia kwa maandishi: mtu mzima anayeweza kuvaa viatu vyake mwenyewe hahitaji mlinzi.

Ni mimi,
Mwalimu

*

Karakana
Jumatano, 9 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Barua yako ilisomwa mara mbili, maana Shangazi alikuwa amesahau kuvaa kile kifaa chake cha masikio na hakutaka kusema. Kitinda alipofika pale pa mlinzi Mjomba alicheka, akasema, "Huyo ndiye yeye, hata akikatwa sauti bado anafoka." Watu wakacheka. Mimi nilitoka nje kidogo.

Dada, godoro lile nililishona kwa mkono wangu, usiku na mchana, siku tatu. Sufi ni mpya, nimeichambua mwenyewe hadi punje ya mwisho. Sikumwachia mtu. Kitambaa ni kile kizito cha mistari ya bluu ambacho Baba alikuwa akikificha kwa wateja wa heshima. Upande wa kichwa nimeongeza vishikio viwili ili uligeuze bila kuumia mgongo. Ligeuze kila Jumamosi.

Nataka kukuuliza. Usingizi unakukimbia mwanzoni, pale unapolala, au unalala kisha unaamka? Na kama unaamka, unaamka saa ngapi? Ni katika kuuliza tu. Fundi wa magodoro lazima ajue mteja wake anavyolala.

Mimi mzima. Kazi ipo.

Mdogo wako,
Fundi

*

Chumba Namba Tisa
Jumanne, 15 Aprili

Fundi, mdogo wangu,

Marahaba.

Barua hii ni yako peke yako. Usimpe Kitinda, kwa kuwa Kitinda akishika karatasi mkononi tayari ameshaisoma.

Umeuliza kama fundi, nitakujibu kama mteja. Mwanzoni sikulala kabisa. Muuguzi wa hapa, msichana mwenye maneno machache na mikono yenye joto, alikagua dawa zangu akagundua kwamba vidonge vya kupunguza uvimbe nilikuwa navimeza jioni. Akaniambia, "Mwalimu, hivi vinamkesheza hata askari." Sasa navimeza asubuhi. Akanipa na masharti mengine: nisilale mchana hata nikisinzia nikiwa na kijiko mkononi, simu izimwe jua likizama, maana mwanga wake unaudanganya ubongo, na usingizi ukikataa kwa muda wa kama dakika ishirini, nisigaagae. Niamke, niketi kwenye kiti, taa iwe hafifu, nisome kitu kisicho na utamu, nirudi kitandani macho yakilegea. Nimeyafuata yote. Unanijua, mimi kwa masharti sina mpinzani.

Na yamesaidia. Sasa saa nne usiku napotelea usingizini kama watu wengine. Lakini saa nane kamili naamka.

Fundi, siamki mwenyewe. Naamshwa. Kuna mtu anauliza swali. Sauti haitoki mlangoni wala dirishani, inatoka chini ya sikio langu, kama mtu aliyelala upande wa pili wa kitambaa. Inauliza mara moja, kwa upole, kisha inangoja. Huko kungoja ndiko nisikoweza kuvumilia. Sitakuandikia swali lenyewe. Nimemweleza daktari, amesema ubongo uliochoka husikia mambo, nami nimekubali kwa kichwa. Kisha saa nane ikafika.

Kuna jambo jingine, nalo halihusu ubongo. Mimi ni mtoto wa Baba kama ulivyo wewe. Kabla ya kwenda chuo cha ualimu nimechambua sufi tangu sijafikia urefu wa meza ya kukatia. Sufi mpya ni laini sawasawa, ukiibonyeza inarudi. Hii ina mabonge, nayo yamejipanga. Kuna bonde pale begani na bonde jingine pale nyongani. Mtu mfupi kuliko mimi, aliyelalia ubavu wa kushoto kwa miaka mingi. Nakuuliza kwa upole: umesahau kuichambua, au kuna usilonieleza?

La mwisho, nalo zito. Nimemaliza kumi na saba, zimebaki kumi na nane. Nafikiri kuziacha. Siogopi meza wala kinyago. Ila mtu hawezi kutibiwa mchana na kusulubiwa usiku. Daktari anasema nikiacha katikati ugonjwa utarudi, na ukirudi hautakuwa na cha kuzuiwa nacho tena. Nimemwelewa. Bado nafikiri.

Usikisomee kikao.

Mwalimu

*

Nyumbani kwangu
Alhamisi, 17 Aprili

Dada Mwalimu, shikamoo tena na tena,

Ninajua umemwandikia Fundi peke yake, kwa sababu amekuja kwangu ana uso kama kiatu kilicholoa. Nimemwambia, "Kaka, nipe nisome." Akaikunja akaitia mfukoni. Nikamwambia, "Basi niambie hata mstari mmoja." Akasema, "Anakusalimia." Hata salamu hujanipa, najua! Yeye hajui kudanganya, hakujaliwa kipaji hicho.

Ya hapa ni haya. Shangazi kifaa cha masikio kimepata betri mpya na sasa anasikia hata tusiyosema. Mjomba ameacha sukari kwa siku mbili, akaitangaza kama mtu aliyeacha ufalme. Wanafunzi wako wa zamani wamekuja watatu kuuliza hali yako, mmoja ana mvi kuliko mimi, akanisimulia ulivyomchapa kwa mdomo hadi akaenda kuoga.

Lakini dada, Fundi simwelewi. Mkewe anasema halali. Anaamka usiku wa manane anakwenda karakana, anawasha taa, anakaa mbele ya gunia moja la sufi lililo kwenye kona, hashoni, hakati, anakaa tu. Mkewe akamuuliza, "Unangoja nini?" Akajibu, "Naliangalia gunia." Gunia! Nikamtania kwamba kama ana mke mdogo kwenye gunia amtoe tumwone. Hakucheka. Na unajua mimi nikitania anacheka hata msibani.

Nikakumbuka kitu, nikuulize wewe mwenye kumbukumbu. Siku ile tulipochoma godoro la Mama, kwa ile kanuni ya Baba kwamba sufi ya godoro alilofia mtu haichanganywi na nyingine bali inachomwa, mbona moshi ulikuwa mchache vile? Mimi nilikuwa nimelia sana, huenda sikuona vizuri. Lakini godoro la watu wawili, sufi kilo kwa kilo, likaisha mfano wa gazeti? Nimemuuliza mume wangu, amesema mimi ndiye ninayemnyima mtu usingizi.

Wakati mwingine nawaonea wivu nyinyi wawili. Mimi nilikuwa kwangu, na mtoto mchanga, mbali. Nyinyi mlikuwa naye usiku ule. Mlisema alilala salama, hakuita mtu. Nalishikilia neno hilo kama mtu anavyoshikilia kamba ya ndoo.

Kula, dada. Hata kama ni uji wa uvuguvugu tu.

Wako,
Kitinda

*

Chumba Namba Tisa
Jumapili, 20 Aprili

Fundi,

Sufi hii ni ya nani?

Mwalimu

*

Karakana
Jumanne, 22 Aprili

Dada,

Nimeandika barua nne nikazichana. Hii ya tano sitaisoma tena kabla ya kuipeleka kwenye basi.

Ni ya Mama.

Siku ile ya kuchoma, mimi ndiye niliyepewa kulifumua godoro. Mlikaa ndani na wageni. Nilikata mshono wa kwanza, nikatia mkono, na mkono ukaingia katika lile bonde la bega lake. Lilikuwa bado na umbo. Dada, nilishindwa. Nilitoa sufi yote nikaitia katika magunia mawili, nikaweka ndani ya kitambaa kile matambara na nyasi, nikashona juujuu, nikakitoa nje tukakichoma. Kitinda ana macho. Moshi ulikuwa mchache kwa sababu sufi haikuwamo.

Miaka minne magunia yale yamekaa kwenye kona. Ulipougua na kusema utalala kitanda cha hosteli, nikaona niujaze usingizi wako kwa kitu cha Mama. Nilifikiri atakushika. Nilifungua gunia moja, nikayapanga mabonge yake kama yalivyokuwa. Sikuichambua kwa sababu kuichambua ni kumvuruga. Nikakudanganya kwamba ni mpya. Hilo ni kosa la kwanza.

La pili ndilo lililonifanya nichane barua nne.

Wewe umekataa kuniandikia hilo swali. Nitakuandikia mimi. Anauliza, "Nani yuko macho?"

Najua kwa sababu nalisikia hapa. Gunia la pili linauliza saa ileile. Na najua kwa sababu niliwahi kulisikia likiulizwa na mdomo wake. Katika miezi ile ya mwisho Mama alikuwa halali, unakumbuka, na kila usiku saa nane aliuliza hivyo, si kwa kelele, kama mtu asiyetaka kusumbua. Mwanzoni nilikuwa naamka. Nampa maji, namgeuza, tunazungumza habari za wateja wa zamani mpaka kunapambazuka. Kisha nikachoka, dada. Mchana nashona, usiku nakesha, nikawa najichoma vidole kwa sindano. Ukaja wewe likizo, ukalala chumba cha pili, nikasema moyoni, sasa tupo wawili.

Usiku wa mwisho aliuliza mara tatu. Nilikuwa macho. Nilimsikia mara zote tatu. Nilijua wewe umelala kwa uchovu wa safari, kwa hiyo nilijua hakuna mwingine. Nikavuta shuka nikajifunika kichwa, nikajiambia, dakika moja tu, akiuliza mara ya nne naamka. Hakuuliza mara ya nne.

Asubuhi ulipotoka ukasema, "Amelala salama, hakuita mtu," nikajua hukusikia, nikaitikia, "Ndiyo, hakuita." Nimekuacha ukiamini hivyo miaka minne.

Hii ndiyo sufi uliyoilalia. Kama unataka kuichoma, ichome. Kama unataka kunichoma mimi, njoo. Ila usiache mionzi, dada. Usiache kwa sababu yangu.

Fundi

*

Nyumbani kwangu
Ijumaa, 25 Aprili

Dada,

Hospitali wamenipigia simu kwa sababu jina langu ndilo lililo kwenye fomu yako. Wamesema hukufika Jumatano. Hukufika jana. Hukufika leo. Mhudumu wa hosteli amesema umeketi kwenye kiti na mlango uko wazi, unaandika, ukiulizwa unatikisa kichwa.

Simu yako imezimwa. Fundi nimemuuliza, ameketi chini katikati ya karakana akalia mbele ya wateja.

Sijui mnachofichana. Kama hujaandika kufikia Jumapili nakuja, na nitakuja na Shangazi, na Shangazi atakuja na kile kifaa chake. Umeonywa.

Kitinda

*

Hosteli ya Wagonjwa, Chumba Namba Tisa
Jumamosi, 26 Aprili

Kwa kikao cha ukoo kinachokutana kesho. Kitinda asome kwa sauti, asiruke neno, hata likimhusu yeye. Fundi aketi mahali pake pa kawaida, asitoke nje.

Shangazi, mkubwa wetu, Mjomba, ndugu zangu wa tumbo moja, wakwe zetu, wajukuu zetu. Nawasalimu kwa safu ileile, na leo nawaomba wajukuu waliokaa karibu na mlango waufunge, kisha wasogee mbele.

Mara ya kwanza niliwaletea taarifa nikasema sina ombi. Taarifa ile ilikuwa pungufu. Naomba radhi kwa kikao, kisha niikamilishe.

Kwa siku tatu sikwenda kwenye mionzi. Sikuwa mgonjwa zaidi, wala njia haikuwa imefungwa. Niliketi kwenye kiti nikaamua kuacha. Nilikuwa nimeandika na barua ya kumshukuru daktari, yenye aya nne, na kama mjuavyo mimi barua nikishaiandika huwa naituma. Sababu yake nitaisema sasa.

Miaka minne iliyopita, katika usiku wa mwisho wa Mama yetu, tuliwaambia kwamba alilala salama na hakuita mtu. Neno hilo nililisema mimi, kwanza, kwa sauti hii iliyokatika, na ndilo mlilolipeleka kaburini na kuondoka nalo. Si kweli. Mama aliuliza swali lake la kila usiku, "Nani yuko macho?" Aliuliza mara tatu. Fundi alimsikia, naye amekwisha kuniungamia, na kwa idhini ya ukubwa wangu namtua mzigo huo mbele yenu. Lakini yeye anaamini kwamba alikuwa peke yake katika kusikia. Fundi, inua uso. Na mimi nilisikia.

Nilikuwa nimekaa kitandani, miguu iko chini, kiatu kimoja nimekivaa. Nilisema moyoni: Fundi yumo, yeye ndiye amzoeaye, atakwenda sasa hivi. Nikasubiri kusikia mlango wake. Naye kumbe alikuwa akisema, dada amelala. Katika nyumba ile hakuna aliyekuwa amelala. Tulikuwa watu watatu macho chini ya bati moja, na kila mmoja aliamini yuko peke yake. Mmoja wetu akafa katika imani hiyo.

Asubuhi nilitoka mbio kuliko Fundi ili niwe wa kwanza kusema kwamba hakuita mtu. Nilimwangalia usoni nikaona ameitikia, nikashukuru kwamba hakusikia. Miaka minne tumeheshimiana kwa uongo mmoja.

Kitinda, najua umesimama kusoma. Ulinyang'anywa kamba ya ndoo uliyoishikilia, na aliyekunyang'anya ni mimi. Keti, unywe maji, kisha uendelee. Kikao kitakungoja.

Sasa niwaambie la Alhamisi usiku. Saa nane ikafika, swali likaja kutoka katika sufi, kwa upole uleule. Kama ni Mama, kama ni vidonge, kama ni koo langu lililoungua linalotafuta sauti yake, mimi sijui na sitawadanganya kwamba najua. Nilichojua ni kwamba safari hii nilitaka kujibu. Nilikuwa na jibu, nimelibeba miaka minne, maneno matatu tu. Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Hata mnong'ono. Nilipokuwa na sauti iliyonyamazisha gwaride zima sikumjibu mtu mmoja. Nilipotaka kumjibu, sauti haimo. Nawaambia, katika maisha yangu sijawahi kukaa mahali penye giza kama pale, na taa ilikuwa inawaka.

Swali likaulizwa mara ya pili. Nikagonga ubao wa kitanda kwa kidole chenye pete, mara mbili, nikipiga kwa nguvu zote.

Ukutani pakajibu mtu: "Niko macho, mama. Unataka nini?"

Msishtuke. Alikuwa mke wa mgonjwa wa chumba namba kumi, mwanamke anayefanya kazi ya kusafisha madirisha ya maofisi, ambaye kwa wiki sita anamuuguza mumewe. Ukuta wa hosteli ni mwembamba. Alisikia kugonga tu, hakusikia swali. Alikuja mlangoni na khanga begani, akanitazama, akasema, "Huna unachotaka, eh? Wala mimi. Basi nipo." Akarudi kwake. Akagonga ukuta mara mbili ili nijue amefika.

Swali la tatu halikuulizwa. Nililala hadi jua likapita kwenye shuka, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uliopita. Jana usiku tulifanya hivyohivyo. Nikalala tena. Kwa hiyo barua ya daktari nimeichana, na leo nimekwenda mwenyewe kumwona. Ameninyooshea kidole kama nilivyokuwa nikiwafanyia watoto. Amesema siku tatu zinafidika. Zikiongezeka hawezi kuniahidi kitu. Zimebaki kumi na tatu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa mezani, kinyago usoni.

Lakini jirani yangu anaondoka. Mumewe amemaliza matibabu yake, na kesho jioni chumba namba kumi kitakuwa kitupu. Ukuta ule hautakuwa na mtu.

Hapa ndipo ninapokula maneno yangu ya tarehe sita. Nilisema mtu mzima anayevaa viatu vyake hahitaji mlinzi. Usiku ule wa Mama nilikuwa nimevaa kiatu kimoja, na cha pili ndicho kilichonishinda.

Kwa nafasi yangu ya uzawa wa kwanza, na kwa kanuni ya Baba kwamba lililoandikwa na kutiwa sahihi ni neno la kikao, natangaza uamuzi huu na nawataka muutekeleze.

Godoro halitachomwa. Nitalilalia hadi siku ya mwisho ya mionzi, likiwa na mabonge yake, kisha nitarudi nalo. Gunia la pili Fundi alitoe kwenye kona, na siku nitakayorudi tutakaa karakana sote, Shangazi akiwa kwenye kiti kirefu, tuichambue sufi yote ya Mama kwa vidole vyetu, bonge kwa bonge, na kuijaza upya. Kanuni ya Baba ya kuchoma nimeitengua. Aliiweka kwa ajili ya wateja, hakuiweka kwa ajili ya mkewe.

Na tangu kesho usiku hadi mionzi iishe, chumba hiki kitakuwa na kiti kimoja karibu na mlango, na kiti hicho hakitakaa kitupu. Zamu ya kwanza ni ya Fundi, apande basi la jioni, na mkewe asimpigie simu, ili alale safarini. Ya pili ni ya Kitinda, hata kama hajanisamehe; aje na hasira zake, nafasi ipo. Baada yao wakwe na wajukuu kwa kupokezana. Mjomba asije bila sukari, tutachoshana. Atakayeketi hatakiwi kukesha usiku kucha. Alale kitini, akoromee ukuta, ruksa. Kazi yake ni moja: saa nane nitagonga ubao mara mbili, naye atajibu kwa sauti kamili ya mdomo wake. Atajibu kwa niaba yangu, kwa sababu mimi sina sauti. Atajibu kwa niaba ya Fundi, kwa sababu alijifunika shuka. Na kama kuna mwingine anayesikiliza ndani ya kitambaa hiki cha mistari ya bluu, basi naye asikie.

Sitaki mikono inyooshwe. Mikono haisikiki gizani. Kitinda, ukifika mwisho wa mstari unaofuata, weka karatasi mezani, chukua kalamu, na uandike kila atakayejibu, kwa safu, ukianza na Shangazi. Atakayenyamaza naye andika.

Wakubwa kwa wadogo, nawauliza kama nilivyoulizwa: nani yuko macho?

Mwalimu